Mzazi na Mbio

Katika lugha ya pwani neno mzazi lina maana mbili. Maana ya kwanza ni pana: mzazi ni baba au mama ya mtu, na jina hilo halimtoki mpaka kaburini. Maana ya pili ni finyu: mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzi, ambaye bado yumo ndani, akikandwa kwa maji ya moto, amefungwa mkaja tumboni na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Maana hii ya pili ina mwisho. Arobaini ikitimia mwanamke hutoka nje, na watu huona kuwa uzazi umekwisha. Walakini hakuna amwambiaye kuwa anatoka nje kwenda kuwa nani. Alipoingia alikuwa mtu mwenye kazi zake, mapenzi yake na mwendo wake. Atokapo ana mtoto mkononi, na ulimwengu wote unamtazama mtoto.

Katika mlango huo ndipo lilipo swali la kufikiriwa. Je, mwanamke aliyependa kukimbia kabla ya kuzaa ana haki ya kukimbia tena baada ya kuzaa? Swali laweza kuonekana dogo, kwa kuwa mbio ni kitu chepesi na mtoto ni kitu kizito. Lakini mizani ya maadili haikuwekwa kwa ajili ya mambo makubwa peke yake. Aghalabu mambo madogo ndiyo yanayodhihirisha ni nani anayehesabiwa kuwa mtu, na ni nani anayehesabiwa kuwa chombo cha watu wengine.

Achukuliwe kwa mfano mwalimu wa shule katika mji wa Tanga. Kabla ya kupata mtoto alikuwa na desturi ya kuamka alfajiri, kuvaa viatu vya raba, kujitanda mtandio wake na kukimbia kuelekea Raskazone mpaka jua lichomoze juu ya bahari. Hakushindana na mtu wala hakutafuta zawadi. Ilikuwa saa moja katika siku ambayo hakuitwa na mtu yeyote. Sasa amejifungua, mtoto ana miezi minne, naye ni mzima. Alfajiri moja anamnyonyesha, anamlaza karibu na baba yake, anavaa raba zake na kufungua mlango. Jirani anayefagia uwanja anainua uso na kumwuliza: "Mwanao umemwachia nani?" Swali hili lina adabu, na huenda lina huruma, lakini ndani yake mna hukumu. Baba wa mtoto huyo hutoka kila siku kwenda kazini, barazani na mpirani, wala hapana ufagio uliopata kusimama ili aulizwe swali hilo.

Wanaomlaumu mwanamke huyu wana hoja mbili, na uadilifu unataka kila moja isikilizwe. Ya kwanza ni hoja ya mwili: kwamba mwili uliozaa ni mwili uliovunjika, na mbio zitauvunja zaidi. Ya pili ni hoja ya wajibu: kwamba mama ni wa mtoto, na saa anayoitumia kwa nafsi yake ni saa iliyoibwa katika saa za mwana.

Hoja ya mwili ina ukweli mwingi. Mji wa mimba, ambao mara baada ya kuzaa huwa na uzito wa karibu kilo 1, huchukua majuma sita hivi kurudi katika uzito pungufu ya gramu 100. Wazee waliohesabu arobaini hawakuwa na mizani ya kukipima kiungo hicho, lakini hesabu yao yakaribiana sana na hesabu ya waganga wa leo. Misuli iliyo chini ya nyonga, ambayo hukibeba kibofu na mji wa mimba kama kamba za kitanda zimbebavyo mlalaji, hutanuka sana wakati wa kuzaa, na pengine huchanika. Aliyezaa kwa kupasuliwa ana jeraha lililopita katika tabaka kadhaa za mwili, na kovu la nje hufunga kabla ya makovu ya ndani. Mkimbiaji naye, kila mguu wake ugusapo ardhi, hupokea kishindo cha mara mbili hadi mara tatu ya uzito wa mwili wake. Kwa sababu hizo wataalamu wa tiba ya viungo waliotoa mwongozo huko Uingereza mwaka 2019 walishauri kwamba mzazi asirudie mbio kabla ya miezi mitatu, na hata hapo atangulize kutembea, kuimarisha misuli na kupimwa. Akiona mkojo wavuja, au uzito wamvuta nyongani, au damu yarejea, hana budi kusimama na kutafuta msaada. Wanawake wengi huona haya kuyataja hayo, wakadhani kuwa ni ada ya uzazi, kumbe mara nyingi ni udhaifu wenye tiba.

Basi hoja ya mwili yafundisha subira, na subira ni mwalimu mwema. Lakini kusema "ngoja" si sawa na kusema "acha". Anayengoja ana siku anayoitazamia, aliyeachishwa hana. Tena liko jambo linaloitia doa hoja hii inapotoka katika vinywa vya walaumu. Mzazi yule yule akionekana katika juma la saba amejitwika ndoo ya maji, au ameinama shambani na jembe mkononi na mtoto mgongoni, hapana anayeuliza habari za nyonga zake. Ataitwa mwanamke hodari. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kisima aghalabu ni mbali. Ikiwa viungo vyake ni dhaifu kwa mbio, vilipata wapi nguvu za ndoo? Hapa ndipo siri ya lawama inapofichuka. Mzazi hakatazwi kuchoka, anakatazwa kufurahi. Jasho linalowafaa wengine huhesabiwa kuwa wema, na jasho linalomfaa yeye mwenyewe huhesabiwa kuwa utovu wa haya.

Historia ya michezo yashuhudia jinsi huruma inavyoweza kugeuzwa kuwa boma. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika mbio za mita 800. Baadhi yao walipofika mwisho walionekana kuchoka, kama wanaume wachokavyo. Habari zao zikaenezwa kwa chumvi nyingi, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake mpaka Michezo ya Roma ya mwaka 1960. Kwa muda wa miaka 32 mwili wa mwanamke ulilindwa na watu ambao hawakuuliza kama wataka kulindwa. Mbio za marathoni za wanawake hazikuingia katika Olimpiki mpaka mwaka 1984, huko Los Angeles. Kati ya miaka hiyo, katika Michezo ya London ya mwaka 1948, Mholanzi Fanny Blankers-Koen, mwenye umri wa miaka 30 na watoto wawili, alishinda nishani nne za dhahabu. Kabla ya ushindi walikuwako waliomlaumu kwamba mahali pake ni nyumbani pamoja na watoto wake. Baada ya ushindi magazeti yalimpa lakabu ya mama wa nyumbani apaaye. Hata sifa zenyewe hazikumwacha atoke jikoni.

Hoja ya wajibu ni nzito kuliko hoja ya mwili, wala si haki kuipuuza. Mtoto mchanga hakuomba kuzaliwa. Hana nguvu, hana usemi, wala hana mahali pengine pa kwenda. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na maziwa hayo hayatoki kwa mtu mwingine. Wahenga walisema kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kama mbio za mama zingemwacha mtoto na njaa, au na kilio kisicho na mtu wa kukijibu, zingekuwa kosa, na uzuri wa alfajiri usingekuwa udhuru. Hapo hapana mabishano. Wala haijulikani kuwa mazoezi ya kiasi huyaharibu maziwa au huyapunguza. Mama anyonyeshaye kwanza na kukimbia baadaye hamdhulumu mtoto chakula chake.

Lakini wajibu ni deni, na deni lina wadaiwa. Swali ambalo hoja ya wajibu hulipita kwa haraka ni hili: mtoto anamdai nani? Mila za pwani hazikuwa kipofu katika jambo hili. Katika posa, miongoni mwa vitu alivyotakiwa mume kumtolea mama wa bibi arusi vilikuwamo mkaja na ubeleko: mkaja kwa ajili ya kitambaa alichofungwa tumboni alipomzaa binti yake, na ubeleko kwa ajili ya nguo aliyombebea mgongoni. Miaka mingi ilikwisha kupita, na binti alikwisha kuwa mwanamke, lakini jamii ilikiri mbele ya watu kwamba tumbo lile na mgongo ule vilifanya kazi, na kwamba kazi ile ilikuwa na haki yake. Upungufu wa mila hiyo ni kuwa malipo yalikuja baada ya miaka ishirini. Mzazi aliye hai na aliyechoka leo hahitaji kungoja harusi ya mtoto ili deni lake likumbukwe.

Sheria za leo zimejaribu kulikumbuka mapema zaidi, japokuwa hesabu zake zina funzo. Sheria ya ajira iliyotungwa Tanzania mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba ilimpa siku zisizopungua 3. Hapana shaka kuwa siku za mama ni chache kwa kazi yake, wala hapana mwenye akili atakayetaka zipunguzwe. Lakini siku 3 za baba zilisema kitu bila ya kukitamka: kwamba mlezi ni mmoja, na mwingine ni mgeni anayekuja kutoa pongezi. Methali husema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Nyumba nyingi huikariri methali hiyo mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishika kikombe cha kahawa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mambo yakitazamwa hivyo, saa ya mbio hubadilika sura. Ikiwa mtoto anawadai wawili, au anaudai ukoo mzima, basi saa ambayo mama yumo mbioni na baba yumo pembeni mwa kitanda haikuibwa kwa mtoto. Ni saa ambayo mdaiwa mwingine analipa fungu lake. Kutoa mhanga ni wema mkubwa pale mtu anapotoa kwa hiari kilicho chake. Lakini mhanga unaodaiwa kwa mtu mmoja kila siku, ili wengine wasidaiwe kitu, hauna jina la wema. Ni dhuluma iliyovishwa joho la sifa.

Wako watetezi wa mzazi wanaotaka kumaliza shauri hili kwa njia nyepesi. Husema aachwe akimbie, kwa kuwa mama mwenye furaha na afya humlea mtoto vizuri zaidi. Neno hili huenda likawa kweli mara nyingi, na kwa watu wengi linatosha. Walakini linaficha hatari. Kama mama ameruhusiwa kukimbia kwa sababu ya faida ya mtoto tu, basi furaha yake ni ya kukodi, na mwenye nyumba aweza kuidai wakati wowote. Siku itakapoonekana kwamba mtoto hapati faida wala hasara kwa mbio zile, mama atakuwa hana hoja. Yampasa apewe saa yake kwa sababu nyepesi kuisema na ngumu kuikubali: yeye pia ni mtu. Alikuwa mtu kabla ya kuzaa, na uzazi uliongeza kitu juu ya utu wake, haukuondoa kitu. Mtoto mwenyewe, hasa akiwa wa kike, siku moja atahitaji kuishi katika ulimwengu unaoliamini jambo hilo.

Kinyume cha lawama ya jirani kuna hatari ya pili, ambayo ni mpya na huja na uso wa tabasamu. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia ya riadha huko Doha, wanawake watatu walipata nishani wakiwa wamerudi kutoka katika uzazi. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika, aliyejifungua Agosti 2017, alishinda mbio za mita 100. Allyson Felix wa Marekani, aliyejifungua kwa upasuaji wa dharura Novemba 2018, alikuwa katika kikosi kilichopata dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, wanaume na wanawake pamoja. Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua binti Juni 2018, alipata fedha katika mita 1500. Huyu wa mwisho, ambaye hufanya mazoezi yake Kaptagat, hakuishia hapo. Alitwaa dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris. Juni 2023, huko Florence, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 1500 chini ya dakika 3 na sekunde 50. Na Julai 2025 akaipunguza rekodi yake mpaka dakika 3 na sekunde 48.68. Watu walioamini kwamba uzazi ni mwisho wa mkimbiaji wamejibiwa, na jibu limeandikwa kwa saa.

Lakini sifa za mabingwa zaweza kufanywa kiboko cha wanawake wasio mabingwa. Mwalimu wa Tanga aliyeambiwa jana kwamba hapaswi kukimbia, leo aweza kuambiwa kwamba amechelewa kukimbia; kwamba fulani alirudi kwa miezi kadhaa naye bado anatembea; kwamba tumbo lake halijarudi mahali pake. Wasemao hayo husahau kuwa bingwa ana kocha, mganga wa viungo na watu wa kumsaidia, na kuwa mbio ndizo kazi yake. Tena hata bingwa hakuachwa salama. Mei 2019 Allyson Felix alieleza hadharani kwamba kampuni ya vifaa vya michezo iliyokuwa ikimdhamini ilitaka kumlipa asilimia 70 pungufu ya zamani, na haikukubali kumhakikishia kwamba hataadhibiwa akipungua mwendo katika miezi inayozunguka uzazi. Kampuni ilibadili masharti yake mwaka huo huo, baada ya yeye na wanariadha wengine kusema. Ikiwa mwanamke mwenye nishani za Olimpiki alihitaji kupigania miezi ya kupumzika, wasio na nishani watapiganiwa na nani?

Hapo hoja mbili zilizoonekana kupingana hukutana. Anayemwambia mzazi "keti" na anayemwambia "harakisha" wanafanana katika jambo moja: wote wawili hawamwulizi yeye. Mmoja ameufanya mwili wake kuwa mali ya mtoto, na mwingine ameufanya kuwa mali ya watazamaji. Haki ya kurudi na haki ya kutoharakishwa ni haki moja. Anayempa mwanamke ya kwanza na kumnyima ya pili amempa mlango usio na kizingiti. Na anayempa ya pili na kumnyima ya kwanza amempa kizingiti kisicho na mlango.

Labda kosa limo katika neno lenyewe la kurudi. Mtu hurudi mahali alipopaacha akapakuta. Mzazi hapakuti. Nyonga zimepanuka, usingizi umekatika vipande, maziwa yanamkumbusha saa, na moyo wake, hata akiwa mbali katika barabara tupu, una sikio lililobaki nyumbani. Akijipima kwa saa ya zamani atajiona ameshindwa, kwa sababu saa ile ilikuwa ya mtu mwingine. Huenda mwendo wa kale ukaja tena, huenda ukapita, na huenda usije kabisa. Yote matatu hutokea, na hakuna moja lililo aibu. Anachofanya mzazi katika alfajiri yake ya kwanza ni kuanza, akiwa na elimu ambayo hakuwa nayo mwanzo wa kwanza. Amejua maumivu makubwa na ameyavuka. Amejua kungoja. Anatembea dakika tano, anakimbia moja, anatembea tena. Na katika dakika ile moja anakutana na mtu aliyemdhania amepotea.

Mwalimu wa Tanga, basi, amesimama mlangoni na swali la jirani limo masikioni mwake. Hana deni la kujieleza, lakini ni mtu wa adabu, kwa hiyo anajibu: "Yuko na babake." Maneno hayo ni ya kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio unaotakiwa. Jirani naye si adui. Huenda yeye mwenyewe alitoka katika arobaini yake miaka mingi iliyopita akashikishwa ufagio, wala hakuulizwa na mtu kama alikuwa na kitu alichokipenda. Lawama yake yaweza kuwa ni huzuni iliyokosa jina. Huyo pia ana haki ya kufikiriwa, kwani jamii haiwi ya haki kwa kumbadilisha mzazi peke yake. Siku moja mwalimu atatoka alfajiri na babake mtoto amesafiri, na jirani atasimamisha ufagio wake kama kawaida. Likitoka swali lile lile, safari bado ni ndefu. Akisema, "Nipe nikushikie," na kunyosha mikono, basi mkono wa pili wa methali utakuwa umepatikana.